Mawe Meusi ya Dresden

Saa sita usiku imepita, usingizi sina. Shangazi amelala kitanda cha pili. Kesho basi linaturudisha Berlin.

Mchana kikundi chetu kilisimama mbele ya kanisa la Frauenkirche, hapa Dresden. Mwongoza watalii alikuwa bado anaeleza, shangazi akasogea ukutani na kuweka kiganja kwenye jiwe jeusi lililozungukwa na meupe. "Masikini, hili liliungua," akasema.

Nikamtafsiria. Mji ulipigwa mabomu Februari 1945, watu wapatao 25,000 wakafa. Kanisa lilihimili moto siku mbili, kisha kuba likaporomoka, na kifusi kikaachwa palepale miaka mingi. Walipoanza kujenga upya, waliyachambua mawe ya zamani, yaliyofaa wakayarudisha ukutani. Kanisa likafunguliwa 2005. Lakini weusi ule si wa moto tu: mawe ya mchanga ya huku yana chuma ndani, huwa meusi yenyewe kwa umri. Hata haya meupe yatafika huko.

Shangazi hakuondoa mkono. "Kwa hiyo wajukuu zao hawatajua lipi ni lipi," akasema. Sikuwa na jibu, na mpaka sasa ninalitafuta.

Jioni tukaenda Semperoper, jumba la opera la mji. Nayo iliteketea mwaka ule ule, ikafunguliwa tena tarehe 13 Februari 1985, miaka arobaini kamili tangu usiku wa mabomu. Juu ya jukwaa kuna saa isiyo na mishale, inayobadilisha tarakimu kila baada ya dakika tano. Tuliona opera ya Richard Strauss, Der Rosenkavalier, ambayo mara ya kwanza kabisa iliimbwa hapo hapo Dresden, 1911. Ni ndefu, na nilihofia shangazi atachoka. Yeye ni mtu wa taarabu, amekulia Tanga.

Karibu na mwisho, mwanamke mwenye cheo anamwachia kijana anayempenda aende kwa binti wa rika lake. Sauti tatu, zote za wanawake, maana hata kijana huimbwa na mwanamke, zinapandana bila kipaza sauti, na bado zinazijaza ghorofa zote. Nilimgeukia shangazi. Machozi yanamtiririka, hayafuti. Mkono wake ulikuwa ndani ya pochi, vidole vimeshika noti, kama anayetaka kuinuka akatunze.