Boriti Iliyogeuka Ugoro

Masika ya 2003 yalipokatika, chumba kimoja cha ghorofa ya pili, Mji Mkongwe wa Zanzibar, kilianza kumwaga vumbi. Paa la bati halikuvuja hata tone. Kila alfajiri vumbi la kahawia lilikutwa juu ya kitanda, upande mmoja tu, na bi mkubwa mwenye chumba alilikung'uta wiki mbili nzima akiwatukana panya. Fundi niliyekuwa nikijifunza kwake alilisugua kati ya vidole viwili. "Bibi, panya hana kosa. Hii boriti yako, imeshakuwa ugoro."

Asiyezijua nyumba zile aanze kwa kutazama juu. Dari imelala juu ya boriti za mkoko, mti wa kwenye tope la maji ya chumvi, na mkoko mnene ulionyooka hautoi boriti ndefu kupita mikono sita au saba hivi, yaani kama mita tatu. Ndiyo maana vyumba ni vyembamba na virefu kama vichochoro. Tajiri wa zamani aliyetaka chumba kikubwa alikirefusha. Kukipanua hakuweza, maana upana uliamuliwa na mti. Ukuta nao ulitoka chini ya miguu yake: mawe ya matumbawe, unene wa nusu mita na zaidi, yakashikwa kwa udongo mwekundu na chokaa. Juu ya boriti hupangwa mawe bapa, kisha humwagwa kokoto na chokaa na kupondwa kwa vipande vya mbao siku kadhaa mpaka sakafu ikaze. Ni mzigo mkubwa. Kila boriti inaubeba kwa ncha mbili zilizoingia ukutani, na ugonjwa huanzia kwenye ncha, pasipoonekana.

Kabla ya kugusa chochote tulisimamisha magadi: miti minne ya wima chini ya ubao uliokatisha boriti zote saba za upande ule, na kabari mbilimbili chini ya kila mti. Kabari zilipigwa kwa zamu, kidogo kidogo. Mwanafunzi mwenye nguvu hutaka kuinua dari irudi ilikokuwa, na hapo ndipo anapoivunja sakafu ya juu. Gadi kazi yake ni kupokea mzigo, basi. Ubao ukianza kulia, umefika.

Ndipo tukafungua ukuta. Miaka michache nyuma kuna fundi aliyeupiga plasta ya saruji nje na ndani, ukapendeza kweli. Fundi wetu aliugonga kwa kifundo cha kidole akishuka nao kutoka darini hadi kiunoni, na palipoitika kama mtungi mtupu alichora mstari kwa mkaa. Patasi ilipoingia, saruji ilibanduka vipande vikubwa kama sahani. Nyuma yake udongo ulikuwa uji. Ungeweza kuuchota kwa kijiko.

Ukuta wa matumbawe siku zote una unyevu: mvua, jasho la bahari, chumvi iliyomo ndani ya mawe yenyewe. Plasta ya chokaa huyaachia maji yapite na kukauka nje. Ikichakaa inabanduka yenyewe, unapaka nyingine. Saruji haipitishi. Inapata ufa mwembamba kama unywele, maji yanaingia, njia ya kutokea hayaioni. Hapa liliongezeka la pili. Nyumba hii, kama nyingi zilizotaifishwa baada ya Mapinduzi ya 1964, ilikuwa imegawanywa vyumba vya familia mbalimbali, na juu yetu paliongezwa choo cha maji ambacho ukuta ule haukujengewa. Bomba lilidondosha taratibu, miaka. Ncha tano kati ya saba zililoa, zikaoza, mchwa wakamalizia. Ukitia kisu, kilizama mpaka mpini.

Bomba lilihamishwa kwanza. Ukibadilisha boriti kabla ya kuziba maji, unawalisha mchwa mti mpya.

Chokaa ilikuwapo, ya tanuu: mawe yaliyochomwa juu ya magogo, yakazimwa kwa maji, kisha yakalazwa shimoni miezi hadi yakawa laini kama siagi. Tabu ilikuja na boriti. Huuzwa kwa korija, yaani ishirini ishirini, nasi tulichagua korija nzima tusipate hata moja ya kutosha. Zote zilipungua shibiri, urefu wa kiganja kilichotanuliwa. Mkoko unataka miaka mingi kufikia unene wa boriti, na wakataji hawaungoji. Unaondoka ungali mwembamba, wa kiasi cha pau au mazio, kujengea vibanda na kuchomea chokaa. Ndiyo, hata hiyo chokaa yetu. Fundi hakupenda nilipolitaja.

Kuunga boriti ni kujidanganya, na ncha ikiingia chini ya shibiri moja ukutani huteleza siku ukuta ukitikisika. Basi tukautoa ukuta nje kuifuata boriti: safu tatu za mawe mapana chini ya dari, kila safu ikitokeza vidole vitatu kupita ya chini yake, mkia wa kila jiwe umezama ndani kuliko kichwa kilichotoka. Boriti zikakaa juu ya tuta hilo, ncha zimeachiwa nafasi ya kidole pande zote zipumue. Chumba kikawa chembamba zaidi kwa juu.

Chokaa hukaza kwa upepo, polepole, kwa hiyo magadi yalibaki wiki sita. Tuliporudi kuyaondoa ilibidi tungoje barazani. Bi mkubwa alikuwa amefunga chandarua chake kwenye miti yote minne, na hakutaka kukifungua.