Dodoso la wanafunzi wapya: waulize kabla hawajaonja chuo

Dodoso la wanafunzi wa mwaka wa kwanza lina majira yake, na yakipita hayarudi. Mwanafunzi aliyekwisha kurudishiwa jaribio lake la kwanza hawezi tena kukwambia alitarajia nini. Atakwambia anachokumbuka kwamba alikitarajia, na kumbukumbu hiyo imeshaguswa na alama alizopata, chumba alichopangiwa, na foleni ya kwanza kwenye ofisi ya fedha. Ndiyo maana nashikilia kwamba kazi hii ifanyike kabla ya kipindi cha kwanza darasani, hata kama dodoso lenyewe halijapendeza kila mtu kwenye kamati.

Marekani walianza zamani. Mwaka 1966 mtafiti Alexander Astin, akiwa American Council on Education (baraza la elimu la Marekani), alianzisha dodoso la kitaifa la wanafunzi wapya, na mwaka 1973 kazi hiyo ikahamia UCLA, yaani Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Hoja yake ni ya msingi kabisa: huwezi kusema chuo kimemjenga mwanafunzi au kimembomoa kama hujui aliingia na nini mkononi. Kwa hiyo unapima mara mbili, mwanzoni na baadaye, halafu katikati unaangalia mazingira aliyopitia. Ukiukosa ule mwanzo, kipimo cha mwisho kinabaki namba tu.

Kabla ya kuandika swali hata moja, chora jedwali lenye safu tatu: swali, ofisi itakayotumia jibu, na uamuzi utakaobadilika kwa jibu hilo. Swali lisilo na ofisi wala uamuzi, lifute. Rasimu za kamati huja na maswali mia na zaidi kwa sababu kila idara inataka lake. Baada ya jedwali hubaki 40 hadi 50, na hicho ndicho kiasi anachoweza kujibu mtu kwa simu ndani ya dakika 10 hadi 12 bila kuanza kubofya ovyo. Usimuulize alichokwisha kukiandika kwenye fomu ya usajili. Umri, jinsia, kozi na matokeo ya sekondari yachukuliwe kwa msajili kwa kutumia namba ya usajili, maana mwanafunzi akiulizwa jambo lile lile mara ya tatu anaamini hakuna anayesoma.

Swali linaloharibika kuliko yote ni la fedha. Litazame lilivyo kwenye madodoso mengi: “Kipato cha familia yako ni kiasi gani?” Kijana wa miaka 18 anakwama hapo mara nne. Familia ipi: wazazi wote wawili, mama peke yake, au mjomba anayemlipia? Kwa mwezi au kwa mwaka? Kabla ya makato au baada? Halafu, je, anajua? Wazazi wengi hawamwambii mtoto wanapata nini, na aliyeishi na watu wa biashara ndogo au kilimo hana hata namba ya kukisia. Anachagua kundi la katikati, anasonga mbele, nawe unabaki na jedwali linaloonyesha kwamba karibu kila mtu ana maisha ya wastani.

Acha kuuliza kiasi, uliza vyanzo. Dodoso lile la Marekani limekuwa likigawa gharama za mwaka wa kwanza katika mafungu: fedha za familia, fedha zake mwenyewe, msaada usiorudishwa, na msaada wa kurudishwa. Kwa kila fungu mpe machaguo: hakuna, chini ya robo, robo hadi nusu, zaidi ya nusu, zote. Mimi huongeza safu moja: “Nimepewa msaada lakini sijui kama nitaurudisha.” Anayeweka alama hapo hajakosea kujaza. Huyo amesaini mkopo bila kujua ni mkopo, au ana ufadhili anaodhani ni deni, na ndiye wa kwanza kuitwa kwa ofisa wa fedha.

Kisha uliza uhakika wa kila chanzo: kiko mkononi, kimeahidiwa kwa maandishi, kimeahidiwa kwa mdomo, au bado anakitumainia. Wanafunzi wawili wanaweza wote kusema familia italipa zaidi ya nusu, mmoja ada imeshalipwa na mwingine anasubiri shamba liuzwe. Kwenye swali la kiasi wangeonekana sawasawa.

La tatu ni wasiwasi. Hapa ngazi tatu zinatosha, mradi kila ngazi ielezwe kwa maneno: “sina wasiwasi, nina hakika fedha zitatosha”; “nina wasiwasi kiasi, lakini huenda zikatosha”; “nina wasiwasi mkubwa, sina hakika kama nitapata za kunifikisha mwisho wa masomo.” Ukiondoa maelezo hayo na kuacha “kidogo, wastani, sana”, kila mtu atapima kwa kibaba chake. Na la nne, ambalo naliona lina faida kuliko linavyoonekana: “Ikitokea dharura wiki hii, unaweza kupata nauli ya kurudi nyumbani ndani ya siku tatu? Kutoka kwa nani?” Jibu la swali hili halihitaji kujua kipato cha mtu yeyote.

Kuhusu elimu ya wazazi, usiulize “Je, wewe ni wa kwanza katika familia yako kufika chuo?” Mwenye kaka aliyemaliza chuo atasema hapana, ingawa wazazi wote wawili waliishia shule ya msingi. Uliza ngazi ya elimu ya kila mzazi au mlezi peke yake, ukiweka “sijui” na “hainihusu” kama majibu mawili tofauti. Kundi la “wa kwanza katika familia” utalitengeneza mwenyewe baadaye, na hapo lazima uandike umetumia maana gani: wazazi wote hawana shahada, au wazazi wote hawakukanyaga chuo kabisa. Maana hizi mbili hutoa makundi yenye ukubwa tofauti sana, na ripoti nyingi zinagongana kwa sababu hii tu.

Matarajio yana mtego wake. Ukiuliza “Unatarajia kuhitimu?” karibu wote watasema ndiyo, na swali ambalo wote wanalijibu sawa halipimi kitu. Uliza miaka mingapi anadhani itamchukua, na ni jambo gani moja linaloweza kumsimamisha njiani. Uliza kwa ngazi nne za uwezekano (mkubwa sana, upo kiasi, mdogo sana, haupo) kama atabadili kozi, atafanya kazi ya malipo wakati wa masomo, atahamia chuo kingine. Kwa muda wa kujisomea, uliza saa kwa wiki mara mbili: mwaka wa mwisho wa sekondari alikuwa anasoma saa ngapi nje ya darasa, na sasa anatarajia ngapi. Tofauti ya majibu hayo inasema mengi kuliko jibu lolote likiwa peke yake. Aliyezoea saa 1–5 na anaahidi 26–30 ana nia njema, ila bado hajajua siku ina nafasi ngapi, na mshauri wake anapaswa kukaa naye na ratiba mapema.

Kabla ya kutuma, tafuta wanafunzi 8 hadi 10 walioingia mwaka uliopita, waketi mmoja mmoja, wajaze huku wakisema kwa sauti wanachofikiri. Kaa kimya. Pale anaposita, anaporudi juu kusoma tena, au anapokuuliza “hapa mna maana gani?”, swali ndilo lenye kosa, wala usimweleweshe, andika maneno aliyotumia yeye, mara nyingi ndiyo yatakayokuwa swali jipya. Jaribu kwenye simu yenye kioo kidogo. Majedwali marefu yenye mistari kumi hayafai: mtu huteremka na kidole upande mmoja, “nakubali, nakubali, nakubali” hadi chini. Yavunje, mistari mitano ndiyo mwisho.

Mpangilio nao una uzito. Anza na mepesi ya sekondari, fuata matarajio, kisha fedha, malizia na wazazi. Ukimfungulia mtu kwa elimu ya mama yake na madeni ya nyumbani, umeshamkumbusha hadhi yake kabla hajasema anajiona anaweza nini.

Nafasi bora ya kukusanya majibu ni ndani ya wiki ya kuwapokea: dakika 20 ukumbini, kila mtu na simu yake, karatasi kiasi kwa wasio na simu au chaji. Wazazi wasiwemo. Siku za mapokezi mara nyingi mama amekaa kiti cha pili, na kijana hawezi kuandika kwamba ana wasiwasi mkubwa wa fedha huku aliyeuza kitu ili amlete anatazama kioo. Wahadhiri nao wasizunguke kati ya viti. Kwa waliokosa ukumbini, tuma ujumbe, kisha ukumbushe siku ya 3, ya 7 na ya 12, kila mara kwa wasiojibu tu.

Sasa lipo jambo linaloumiza kazi hii kuliko makosa yote ya maneno. Wanaochelewa kujisajili mara nyingi ndio wanaohangaikia ada. Wiki ya mapokezi wao hawapo. Dodoso likifungwa Ijumaa ile, umepima hali ya fedha ya wale ambao fedha hazikuwazuia kufika. Liache wazi, liwekwe kwenye dawati la usajili wa waliochelewa, na kila jibu libebe tarehe yake. Ndiyo, matarajio yao yatakuwa yamechanganyika na siku chache za masomo, kwa hiyo kwenye uchambuzi wa matarajio watenge. Kwenye uchambuzi wa fedha wasikosekane kamwe.

Kwenye ridhaa, sema ukweli. Dodoso linalobeba namba ya usajili si dodoso ambalo aliyelijaza hajulikani, na usiandike kwamba hajulikani. Andika kwamba majibu ni siri, ni nani wawili au watatu watakaoyaona yakiwa na namba, yataunganishwa na kumbukumbu gani, na kwamba kuacha swali hakumpunguzii mtu chochote. Walio chini ya miaka 18 wana masharti yao ya ridhaa ya mzazi. Jambo hilo lipeleke mapema kwa kamati ya maadili. Kama unataka ofisi ya fedha impigie mwenye shida, weka kisanduku cha peke yake mwishoni: “Naomba nitafutwe.” Aliyekiweka alama atafutwe ndani ya wiki mbili. Asiyekiweka, hata majibu yake yakitisha, asifuatwe kwa jina.

Data zikifika, mambo mawili madogo huharibu siku nzima. Excel ikifungua faili hufuta sifuri za mbele, 0041273 inakuwa 41273, na uunganishaji na faili la msajili unashindwa kwa maelfu. Tena makundi ya saa kama “1-5” huyageuza kuwa tarehe. Ingiza safu hizo kama maandishi tangu mwanzo. Halafu “sijui” isipewe 99 kwenye safu ya saa, la sivyo utamkuta mtu anasoma saa 99 kwa wiki na wastani wa darasa zima umepaa. Majibu yaliyojazwa kwa chini ya theluthi ya muda wa katikati (ule ambao nusu ya waliojibu walitumia pungufu yake na nusu zaidi) yachunguze kabla ya kuyaingiza.

Wachache wakijibu, yape majibu uzito, ili kila kundi lihesabiwe kwa uwiano wake halisi kati ya wapya. Tuseme wapya ni 1,200, wanawake 660 na wanaume 540. Waliojibu ni 480, wanawake 320 na wanaume 160. Wanawake ni asilimia 55 ya wapya lakini theluthi mbili ya majibu, hivyo kila jibu la mwanamke linapewa uzito 0.825 na la mwanaume 1.35. Jumla inarudi 480 na uwiano unakaa sawa. Ila jinsia peke yake haitoshi. Ongeza kundi la tarehe ya usajili na kama mtu ana msaada wa fedha, vyote vipo kwa msajili. Uzito haufufui kundi ambalo halikujibu kabisa. Na usichapishe jedwali lenye watu chini ya 10 kwenye kisanduku, kwa sababu kwenye kozi ndogo kila mtu humjua mwenzake.

Maneno ya maswali ya msingi yasiguswe mwaka hadi mwaka. Kule Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1960 zaidi ya asilimia 80 ya wapya walisema kujenga falsafa ya maisha yenye maana ni jambo muhimu sana kwao, na waliosema hivyo kuhusu kuwa na fedha nyingi walikuwa chini ya nusu. Miaka ya 1980 fedha zilikuwa zimepanda kileleni na falsafa imeshuka. Tunalijua badiliko hilo kwa kuwa swali lilibaki lile lile. Swali likilazimika kubadilika, mwaka mmoja wape nusu ya wanafunzi swali la zamani na nusu jipya, kwa kura, ndipo utajua tofauti imeletwa na wanafunzi au na maneno.

Mwisho wa mwaka, unganisha na alama na orodha ya waliorudi mwaka wa pili. Ufunguo unaounganisha namba na majina ukae faili la peke yake, kwa mtu mmoja, na tarehe ya kuufuta iandikwe kwenye jalada siku ile ile dodoso linapofungwa.