Kibuyu cha bibi

Leo alfajiri, hapa Wete, nimesukasuka maziwa ya mgando kwenye kibuyu cha marehemu bibi. Yeye hakusuka mbele ya mgeni. Akisema siagi ina haya, jicho la mtu huikimbiza. Basi huurudisha mlango, akapiga bismillahi, akaanza kabla jua halijatoka. Mimi naamini ile alfajiri ndiyo iliyokuwa dawa: maziwa yakipata joto sana mafuta hulainika, hayashikani. Lakini mlango nimeurudisha vilevile, kwa heshima yake. Mkono ushakufa ganzi, mara mlio wa kibuyu ukabadilika, ukawa mzito, du, du. Nikachungulia: chenga za manjano, kama za mchele, zinaelea. Nimelia. Saa hizi samli iko jikoni, nyumba nzima yanukia kama enzi zake.