Mama aligeuza mchoro, akauliza taka zinakaa wapi

Nilimkabidhi Mama mchoro wa jikoni kwetu nikijiona nimeshamaliza kazi. Usiku nne mfululizo nilikuwa nimeinamia karatasi ya miraba, kila mraba sentimita 10, penseli sikioni utadhani fundi. Akautazama. Akaugeuza juu chini. Akaugeuza tena, kisha akaniuliza, "Mlango uko wapi?" Nikamwonyesha. "Haya. Na taka zinakaa wapi, mwanangu?"

Nilikuwa nimechora friji, sinki, jiko, kabati za juu na za chini, hata chungu cha maua dirishani nilikipamba kwa majani matatu. Pipa la taka halikuwemo. Mtu akipika hulifuata pipa kila baada ya dakika chache, na mimi nilikuwa nimelisahau kabisa ila maua nikayakumbuka.

Na Mama hakuwa wa kwanza kuuona mchoro ule. Shemeji aliutazama akasema nzuri. Jirani akasema nzuri sana. Rafiki yangu mmoja hakuridhika mpaka niongeze kaunta ya katikati, ile watu wanayoizunguka kama meza ya mkutano, kwa sababu ameiona kwa mtu na ikampendeza. Chumba chetu kina upana wa sentimita 230. Kaunta ya katikati ikiingia, sisi tutoke. Nilimshukuru, maana ushauri wa mtu hautupwi mbele yake, nikarudi nyumbani bila kuuchukua. Lakini nikiri kwamba zile "nzuri, nzuri" ndizo zilizonipoteza zaidi. Ukimwonyesha mtu mchoro ukamuuliza kama ameupenda, atakujibu kuhusu mchoro, na wangu ulikuwa na mistari iliyonyooka.

Niwape picha ya chumba chenyewe. Urefu sentimita 340, upana 230. Mlango wa sebuleni uko kwenye ukuta mfupi wa upande mmoja, wa nyuma uko kwenye ukuta mfupi wa upande wa pili, yote miwili katikati. Dirisha liko kwenye ukuta mrefu wa nje. Kwa hiyo nilichora safu mbili za kabati zinazotazamana, kila moja kina cha sentimita 60, njia ikapita katikati. Sinki chini ya dirisha, jiko ng'ambo yake, friji jirani na jiko, karibu na mlango wa nyuma.

Na sikuchora kwa kubahatisha. Nilikuwa nimesoma habari za ile pembetatu ya kazi iliyotokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, miaka ya 1940: unaunganisha friji, sinki na jiko kwa mistari mitatu, kila mstari uwe kati ya mita 1.2 na 2.7, jumla yake isipungue mita 4 wala isizidi 7.9. Yangu ilikuja mita 5.1. Nilijipongeza kwa sauti.

Nikajipa moyo pia kwa jiko la Frankfurt, Ujerumani, yaani chumba kizima cha kupikia. Mwaka 1926 mbunifu Margarete Schütte-Lihotzky wa Austria alichora jiko la nyumba za wafanyakazi lenye upana wa mita 1.9 tu na urefu wa mita 3.4, yaani urefu uleule wa kwetu, na yakajengwa kama 10,000. Nikasema, kama yeye alitosheka na 1.9, mimi mwenye 2.3 nalia nini? Kipengele nilichokisoma baadaye ni kwamba mbunifu huyo alikiri mwenyewe kuwa kabla ya kulichora hakuwahi kupika wala kuendesha nyumba. Na lilichorwa kwa ajili ya mpishi mmoja. Watu wakiwa wawili humo ndani wanakanyagana.

Baada ya Mama nikaanza kutafuta watu watakaoukosoa mchoro. Fundi bomba alinikosoa kwa sentensi moja. Nilikuwa na wazo la pembeni, la kuhamishia sinki ukuta wa pili. Akaniuliza bomba la maji machafu linatokea wapi. Upande wa dirishani. "Kila mita moja bomba lishuke kama sentimita 2," akasema, "sasa wewe unataka lipite chini ya sakafu kote huko, kaka. Maji hayapandi mlima." Wazo likafia hapo. Fundi umeme alihesabu soketi nilizochora, zikawa mbili, akaniambia nimtajie vitu vyote vinavyotumia umeme jikoni. Nilifika sita akanikatiza.

Fundi seremala ndiye aliyekaa chini. Aliniomba nichuchumae, hivihivi, mbele ya kabati lake la chini lenye mlango, nitoe sufuria iliyo nyuma kabisa. Nikapiga goti, nikaingiza mkono mpaka begani, nikatoa kwanza mifuniko mitatu. Kisha akavuta droo ya kabati la pembeni yake, mambo yote yakanitazama kwa juu. "Chini weka droo," akasema. "Milango mwachie kabati la sinki, kwa sababu ya mabomba." Akaniuliza pia kama nimehesabu mishikio. Mishikio gani? Akachukua tepu ya kupimia: inachomoza sentimita 3. Pande mbili ni 6. Njia niliyoiandika 110 kwenye karatasi ilikuwa 104, na hapo droo hata moja haijavutwa. Kipimo kinachopendekezwa ni kama 107 kwa mpishi mmoja, 122 wakiwa wawili. Sisi tunapika wawili.

Mke wangu muda wote huo hakuwa amesema kitu. Ana tabia hiyo, na niliichukua kuwa ameridhika. Jumamosi moja nikamkuta anasukuma viti vya sebuleni ukutani, chaki mkononi. "Baba watoto, nishikie tepu," akasema. Tukachora jikoni nzima sakafuni kwa vipimo vyake halisi, sentimita 340 kwa 230, kabati zote, milango yote. Boksi la televisheni likawa friji, kiti kikawa jiko, beseni likawa sinki. Halafu akaenda akarudi na sufuria kubwa, ile ya lita 10, imejaa maji karibu ya kumwagika.

"Tuseme yamechemka," akasema. "Nayapeleka kuyamwaga."

Akaiinua kutoka kwenye kiti, akageuka. Kwenye mchoro wangu jiko na sinki vinatazamana, kwa hiyo safari ile ni hatua moja na nusu, fupi, yenye kusifiwa na wataalamu. Ila inakata njia. Na njia ile ndiyo inayotoka mlango wa nyuma kwenda sebuleni. Hakuwa amemwandaa mtu yeyote. Kijana wetu wa miaka 8 aliingia kutoka nje kama kawaida yake, mbio, mpira kwapani, akapita palepale chaki ilipomwonyesha kuwa ni njia. Akampiga mama yake kikumbo cha kiuno. Maji yalimwagika mpaka kwenye friji ya boksi, mistari ya chaki ikaanza kuelea.

Maji yalikuwa baridi. Tulisimama tukiyatazama. Mtoto akauliza kama amekosa. Mke wangu akamwambia hapana, aliyekosa ni baba.

Tulipangusa, tukachora upya. Safari hii sikuushika ule mchoro wa karatasi, niliufuata mwili wake. Akajifanya anaosha vyombo: yeye ni wa mashoto, anashika sahani kwa mkono wa kulia na kuisugua kwa kushoto, kwa hiyo sahani ikishasafika iko tayari mkono wa kulia, inataka kwenda kulia. Mimi nilikuwa nimeweka sehemu ya kuchujia maji kushoto, ninavyoosha mimi. Kila sahani angeivusha mbele ya kifua chake. Miaka 11 ya ndoa, na sikuwahi kumtazama akiosha sahani nikafikiria ni upande gani anaiweka.

Baada ya hapo jikoni ikajipanga yenyewe. Jiko na sinki vyote upande wa dirisha, ili sufuria ya moto isivuke njia kamwe. Iteleze juu ya kaunta. Ukisimama unatazama dirisha, kutoka kushoto: sentimita 30 za kutua sufuria, jiko 60, kaunta ya kukatia 90, sinki 80, sehemu ya kuchujia vyombo 80. Jumla 340, hakuna hata sentimita ya kutupa. Mlango wa nyuma uko upande wa jiko lakini unafungukia nje, kwa hiyo hauna ugomvi na mpishi. Friji ikahamia upande wa pili, mdomoni mwa mlango wa sebuleni, anayetaka maji ya kunywa ayachukue na kuondoka bila kufika jikoni kwenyewe.

Ila dawa hasa ilikuwa kwenye ile safu ya pili. Nani alisema lazima iwe na kina cha sentimita 60? Sahani zetu hazizidi 30. Tukaikata ikawa 40, na njia, mishikio ikiwa imehesabiwa, ikafika 124. Hiyo ni zaidi ya kile kipimo cha watu wawili, isipokuwa palipo na friji, ambapo panabana kidogo na nimekubali. Fundi seremala alipoona akasema safu hiyo itakuwa rahisi kutumia pia, maana chombo hakina nyuma pa kujificha.

Kimo cha kaunta nacho tulikipima badala ya kufuata mazoea ya sentimita 90. Unasimama wima, unakunja mkono, unapima kutoka sakafuni mpaka kiwiko, unatoa sentimita 10 hadi 15. Kiwiko cha mke wangu kiko 100, changu 114. Kaunta moja haiwezi kututosha sote. Upande wa dirisha tukauweka 88, wake; ile safu nyembamba 100, yangu, nikate vitu bila mgongo kulalamika. Jirani yule wa "nzuri sana" anasema kaunta mbili zisizolingana zitaonekana kama kosa la fundi. Labda. Yeye hatapika humo.

Pipa la taka limepata droo yake chini ya ile kaunta ya kukatia, kati ya jiko na sinki, unaifungua kwa goti mikono ikiwa michafu.

Nikachora upya kwa usafi, mraba mmoja sentimita 10, bila maua. Jana nikampelekea Mama. Alivaa miwani, akautazama muda mrefu, akaweka kidole mlangoni, akatembea nacho taratibu: friji, sinki, kaunta, jiko, droo ya taka. Akatikisa kichwa kukubali. Nikaanza kutabasamu.

Kisha akaugeuza juu chini.

"Na ufagio?"