Jinsi nilivyoondoa onyo la cheti cha usalama lililorudi kila asubuhi

Kwa siku nne, kompyuta yangu ya mezani hapa Umoja, Nairobi, ilikataa kufungua karibu kila tovuti salama, huku kivinjari kikionya kuwa cheti cha usalama, yaani uthibitisho wa kidijitali kwamba tovuti ni ya kweli, si halali. Nilifuta historia na vidakuzi, nikajaribu kivinjari kingine, nikazima na kuwasha ruta, hakuna kilichosaidia. Sikukubali kulipuuza onyo hilo, kwani baadhi ya tovuti hizo zilitaka nywila yangu.

Jambo lililonipotosha ni dogo sana. Upau wa chini wa skrini yangu huonyesha saa tu bila tarehe, na sikuwahi kuibonyeza. Nilipoibonyeza, kalenda ilikuwa ya Januari 2015. Kila cheti kina tarehe ya kuanza na ya kwisha, na kivinjari huzilinganisha na saa ya kompyuta. Kwa hiyo vyeti vyote vilionekana kama ambavyo havijaanza kutumika.

Nilirekebisha tarehe, tovuti zikafunguka, lakini asubuhi iliyofuata onyo lilirudi. Hapo nilikumbuka kwamba kila usiku huchomoa waya wa umeme, na betri ndogo ya bodi kuu, inayotunza saa wakati huo, ilikuwa imekwisha. Nilinunua betri mpya aina ya CR2032 ya volti 3 katika mtaa wa Luthuli Avenue, nikaiweka upande wa alama ya kujumlisha ukitazama juu, nikachagua ukanda wa saa wa Nairobi na kuruhusu saa ijirekebishe kupitia intaneti. Leo ni wiki ya pili, na onyo halijarudi.