Namna nilivyoyatuliza mapigo madogo ya mkono wa kushoto

Katika mdundo wa fanki, mtindo wa muziki wa dansi, snea (ngoma ya seti ya drams yenye waya chini) hulia kwa nguvu kwenye hesabu ya 2 na ya 4. Mengi yanayopita katikati ni mapigo madogo, ambayo msikilizaji huyahisi kuliko kuyasikia. Clyde Stubblefield aliyajaza hivyo alipopiga drams katika bendi ya James Brown. David Garibaldi, aliyejulikana kwa kupiga drams katika bendi ya Tower of Power, amelifundisha jambo hili kwa kanuni ya viwango viwili vya sauti, kila kiwango na kimo chake cha kijiti. Kanuni hiyo ndiyo iliyonifungulia njia.

Nilianza kwenye pedi ya mazoezi kwa mkono wa kushoto peke yake, metronomu (kifaa kinacholia kuhesabu mwendo) ikiwa milio 60 kwa dakika, mapigo manne kwa kila mlio. La kwanza kubwa, ncha ya kijiti ikishuka kutoka kama sentimita 25. Matatu yanayofuata madogo, kutoka sentimita 2 au 3, si zaidi.

Ugumu umo kwenye pigo la pili. Kijiti kilichogonga kwa nguvu huruka juu chenyewe, na kikiachwa kiruke, pigo linalofuata haliwezi kuwa dogo hata mpigaji akitaka. Kwa hiyo nilijifunza kukizuia chini mara tu kinapogusa: vidole vitatu vya nyuma vinafunga wakati wa kugonga, kisha vinalegea papo hapo. Vikifunga mapema, pigo kubwa linasikika limekabwa. Ukikaza kifundo cha mkono badala ya vidole, mkono unachoka upesi na mwendo unaanza kuburuta. Pigo la nne nalo lina mtego wake: ni dogo, lakini likishagongwa kifundo kinapanda kwanza na ncha inafuata, tayari kwa pigo kubwa. Mkono ukianza kupanda kabla kijiti hakijagusa, pigo hilo linakua.

Kasi niliipandisha kwa 4 tu, baada ya mapigo kukaa sawa dakika mbili mfululizo. Dalili ya kuzidisha huonekana kabla ya kusikika: mapigo madogo yanapanda hadi sentimita 5 au 6. Hapo nilishuka kwa 8. Kioo pembeni husaidia sana, kwa sababu macho hayadanganyiki kama masikio yaliyozoea.

Kuhamia kwenye drams huleta mambo ambayo pedi haiyaonyeshi. Pigo kubwa likigonga ngozi na ringi (duara la chuma la ukingoni) kwa pamoja, mkono hubaki chini, na pigo dogo linalofuata hugusa ringi na kutoa mlio wa chuma. Niliishusha snea hadi ringi ikawa juu kidogo tu ya paja, nikazoea kuinua mkono sentimita moja baada ya pigo kubwa. Waya za chini ya snea pia zina neno. Zikikazwa mno, mapigo madogo hayatoki kabisa. Zikilegea, yanageuka mtetemo mmoja mrefu. Nilizilegeza kwanza, kisha nikazikaza robo mzunguko kwa robo mzunguko hadi mguso mwepesi katikati ya ngozi ukatoka wazi na kukatika. Baada ya hapo mkono wa kulia ukaingia na hai-hati (matoazi mawili yanayopandana), mapigo nane kwa kila bari ya hesabu nne, yote sawa, maana pigo kubwa la kushoto hupenda kuuvuta mkono wa kulia nao ugonge kwa nguvu.

Wapigaji wa studio hulichunga hili kuliko wengine. Maikrofoni ya snea hukaa sentimita chache tu kutoka kwenye ngozi, na kompresa, kifaa cha kusawazisha sauti, hubana milio mikubwa, kisha sauti nzima hupandishwa. Pigo dogo lililozidi kidogo, ambalo jukwaani halisikiki, hapo linajitokeza. Ndiyo maana nilijirekodi kwa simu iliyo karibu na snea, nikaisikiliza rekodi kwa sauti ya juu kabla ya kupandisha metronomu tena.