Masizi ya sufuria yalinionesha kosa langu

Kwetu Wete mtoto anajua kurusha kabla hajajua kusoma. Nimepopoa maembe tangu nina miaka sita. Kwa hiyo siku mwalimu aliposema kwamba katika softiboli, mchezo wa mpira na gongo unaofanana na besiboli, mrushaji hapopoi, bali anauzungusha mkono duara zima kama kinu cha upepo na mpira anautolea chini, usawa wa paja, nikaona hilo nalo jambo!

Mpira wa kweli ulikuwa mmoja. Mzingo wake sentimita 30 hivi, uzito haufiki gramu 200. Nyuma ya nyumba nikatundika busati kuukuu kwenye kamba ya kuanikia nguo. Umbali wa mashindano ya wanawake ni mita 13.11, mie nikaanzia hatua tano, na hata hapo busati lilikaa salama salimini. Mpira ama ulichimba ardhi mbele ya vidole vyangu, ama ulipaa. Kuna mmoja ulinipita kichwani kwa nyuma ukaangukia kwenye jamvi la karafuu. Bibi hakupiga kelele. Aliuokota, akaugeuzageuza.

"Hiki kinauzwa?"

"Hakiuzwi bibi, nisamehe."

"Basi kisikae na kinachouzwa."

Nikaamini tatizo ni nguvu, nikazidi kukaza. Bega likavimba hata kufunga ushungi nikaomba msaada. Kisha kwenye simu nikakutana na habari za Yukiko Ueno wa Japani, ambaye Olimpiki ya Beijing mwaka 2008 alirusha mipira 413 kwa siku mbili, na timu yake ikachukua dhahabu. Mie mipira 30 tu, ushungi unanishinda. Hapo nikajua kuna kitu nakosea, ila sikijui.

Kikajionesha siku nimetoka kusugua sufuria la kuni. Nilikwenda kurusha bila kunawa vizuri, kigasha cheusi mpaka karibu na kiwiko. (Suruali ilikuwa ya kijivu, na mama alikuwa na la kusema baadaye.) Mipira miwili ikalipiga busati katikati, na mara zote mbili nilisikia pa! ubavuni, kama kofi dogo. Kutazama, mstari wa masizi umejichora chini kidogo ya mfupa wa nyonga. Nikaendelea. Mpira ukipotea, hakuna alama mpya. Ukinyooka, mstari unazidi weusi.

Kumbe kigasha hakina budi kuugusa mwili pale mpira unapotoka. Kikigusa nyonga hupunguza mwendo ghafla, na ule mwendo wote unahamia kwenye kiganja, kikachapwa mbele kama ncha ya mjeledi. Mie nilikuwa naupitisha mkono mbali, kama anayeogopa kuchafua nguo, tena kiwiko kigumu kama mchi. Bega ndilo lililobeba kila kitu.

Mengine yalikuja taratibu. Mguu wa kushoto unasukumwa mbele, wa kulia unaburutwa nyuma yake. Mkono ukifika juu kifua kiwe kimegeukia upande wa besi ya tatu, yaani kuliani kwangu, maana ukiwa umekabili busati moja kwa moja nyonga inauzuia mkono njia. Kiganja nilikizoeza usiku chumbani, kwa soksi zilizoviringwa.

Kaskazi iliposhika nilikuwa nimerudi nyuma hatua kwa hatua mpaka kwenye mita 13. Busati likachanika, nikamweka mdogo wangu na glovu, amekalia ndoo iliyopinduliwa. Mwanzo alikuwa akicheka na kupiga soga na wenzake ukutani. Siku hizi hasemi, macho yote kwenye mkono wangu, na juzi nimemkuta anatia kipande cha kanga ndani ya glovu. Mpira wa taratibu wa kumhadaa mpigaji bado unanitoka ovyo. Bibi naye jamvi lake kalihamishia upande wa barabarani, na hajalirudisha.